Draglinki Niliyoifungia Sandukuni

Siku ya kwanza nilipofika kazini, fomeni wa gereji moja karibu na soko la Gakoromone, Meru mjini, aliniangalia kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu, akaniuliza nimemletea nani chakula. Nikamwambia nimekuja kufanya kazi. Nilikuwa nimetoka shule ya ufundi, cheti changu kilikuwa kizuri kuliko vya wanaume wengi waliokuwa pale, na sikuona sababu ya kukificha.

"Basi, Karimi," akasema alipokwisha kukisoma, "hiyo lori inavuta kushoto. Nyoosha magurudumu."

Hatukuwa na mashine za kisasa. Tulikuwa na uzi. Unaufunga kwenye vyuma viwili, kimoja mbele ya gari na kingine nyuma, ubavuni, halafu unafanya hivyo upande wa pili. Kisha unapima kwa rula kutoka kwenye uzi mpaka kwenye rimu, mbele ya gurudumu na nyuma yake. Tofauti ya vipimo hivyo inakuambia kama magurudumu yanatazamana kama vidole vya mtu mwenye matege au yamepeana mgongo. Ukiacha kosa dogo tu hapo, tairi mpya inalika kabla mwenye gari hajasahau bei yake. Niliinyoosha ile lori. Fomeni akaiendesha mpaka barabara kuu na kurudi, akashuka, akaniambia nivae ovaroli. Hakuniuliza tena habari za chakula.

Baada ya miaka michache niliajiriwa Embu, kwenye karakana ya mradi wa maji uliokuwa ukichimba visima nyanda za chini za Mbeere. Hapo nilikuwa chini ya Mkuu wa Karakana, fundi ambaye mpaka leo sijaona wa kumpita. Yeye ndiye aliyenifundisha kasta. Alinisimamisha mbele ya baiskeli akaniuliza kwa nini mtu anaweza kuachilia mikono nayo ikaenda. "Angalia uma wa mbele," akasema. "Kwa juu umelala kuelekea nyuma. Huo mlalo ndio kasta, ndio unaolirudisha gurudumu katikati. Hata gari iko nao. Ukiuondoa, dereva atapigana na usukani mpaka jioni." Nilimpenda mzee yule kama mtu anavyompenda mwalimu wake, na ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma.

Mradi ulikuwa na pikapu moja ya kubeba mabomba na wafanyakazi. Mito ya mchanga iliyo mbele ya Siakago ilikuwa ikiikwamisha, basi Meneja wa Usafiri akaagiza iinuliwe. Mkuu akaifanya kazi hiyo mwenyewe nilipokuwa likizo. Springi za mbele za gari ile zilining'inia kwenye vipande viwili vya chuma tunavyoviita sheko, navyo vilikuwa kwenye ncha za mbele. Akachomelea sheko ndefu zaidi. Pikapu ikasimama juu kama ngamia. Wakubwa walikuja kutoka Nairobi wakaisifu, wakapigwa picha wakiwa wameiegemea.

Dereva wake aliitwa Njeru, mtu wa Mbeere, shemasi kanisani kwao. Alikuja kuniona mara mbili akilalamika kwamba gari inatangatanga. Kabla sijapata ruhusa ya kuigusa, ikaingia mtaroni karibu na Siakago, mahali peupe, mchana, bila gari lingine barabarani. Mama mpishi wa kambi, aliyekuwa amepanda ndani yake, akavunjika mguu. Meneja akasema Njeru alikuwa amelewa, akamsimamisha kazi.

Njeru alinikuta getini. Kofia yake alikuwa ameikunja mkononi.

"Karimi, mimi sijaonja pombe tangu nioe," akasema. "Niligonga shimo, usukani ukaninyang'anya gari. Nitamwambia nini mama ya watoto? Nitawaambia nini watu wa kanisa?"

Pikapu ikavutwa mpaka karakana. Nikaambiwa niangalie breki na taa tu, kesho yake ichukuliwe na dereva mwingine. Nikaingia chini yake. Sheko zile ndefu zilikuwa zimeshusha ncha za mbele za springi, na ekseli ikapinduka nazo kuelekea mbele, kwa hiyo kasta ilikuwa imekwisha kabisa. Tena draglinki, yaani ule mwamba wa chuma unaotoka kwenye boksi ya usukani kwenda kwenye gurudumu, ulikuwa umesimama mshazari kama ngazi. Mwamba huo unatakiwa kulala karibu sawa na ardhi. Ukisimama hivyo, kila gurudumu linapopanda au kushuka shimoni, mwamba unalisukuma upande, hata kama dereva ameshika usukani kama jiwe.

Nilimfuata Mkuu ofisini kwake, nikafunga mlango.

"Mzee, ile pikapu haina kasta."

Akaendelea kufuta mikono. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku nilipoitoa kwa jeki. Nilitaka kurekebisha, Meneja akasema wageni wamefika."

"Na Njeru?"

"Njeru atapata kazi kwingine. Mimi nikisema sasa, ule mguu wa mama unakuwa wangu. Watoto wangu wako shule, Karimi. Na wewe utulie."

Sikutulia. Nilirudi uwanjani, nikafungua ile draglinki pande zote mbili, nikaitia kwenye sanduku langu la vyombo, nikapiga kufuli.

Asubuhi Meneja alikuja na dereva mpya. Gari haikuwa na kitu cha kuunganisha usukani na magurudumu, na mafundi wote waliacha spana kusikiliza.

"Fungua hilo sanduku," akasema.

"Sifungui."

"Hiyo ni mali ya mradi! Nitaita polisi."

"Waite. Wakija wapitie hospitali wamchukue yule mama pia, waje wote waone kilichomvunja mguu."

Nikamwambia nitairudisha draglinki mbele ya macho yake, kwa sharti moja: akae kwenye kiti cha dereva aone kitu. Nadhani alikubali kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Niliifunga. Chini ya kila tairi ya mbele nikaweka mabati mawili yaliyopakwa grisi katikati, ili magurudumu yawe huru kugeuka. Meneja akapanda. Nikaufunga usukani kwa kamba kwenye kiti chake, nikamwambia aushike pia kwa mikono miwili. Kisha nikaweka jeki chini ya chesisi, nikaanza kuipandisha na kuishusha, kama vile gari inavyofanya barabarani ikikutana na mashimo.

Magurudumu yakageuka. Nikipandisha chesisi, yanaenda huku. Nikiishusha, yanarudi kule. Watu wakaanza kunong'ona. Meneja akatoa kichwa dirishani.

"Nani anageuza?"

"Wewe ndiye uko kwenye usukani, Bwana Meneja. Umegeuza?"

Akautazama ule usukani uliofungwa kwa kamba, akaitazama mikono yake mwenyewe. Wakati huo Mkuu wa Karakana alikuwa amesimama nyuma ya mafundi. Nilijua angeweza kurudi ofisini kwake, na kwa muda nilidhani ndivyo atakavyofanya. Akavua koti, akaja mpaka kwenye gari.

"Hizo sheko ni zangu," akasema kwa sauti ya kusikika. "Njeru hana kosa. Karimi, leta spana ya ishirini na mbili."

Tulifanya kazi pamoja mimi na yeye, hatukuzungumza mengi. Tulikata sheko zikawa fupi. Tukaweka kabari za chuma kati ya springi na ekseli, upande mnene ukielekea nyuma, ekseli ikalala tena inavyotakiwa. Tukatafuta mkono wa usukani ulioshuka chini zaidi ili draglinki ilale. Pikapu ilibaki juu kidogo, ya kutosha kuvuka mchanga, na ilikwenda imenyooka. Njeru akaitwa arudi kazini, akaiendesha mpaka Siakago na kurudi. Alinishika mkono, akavaa kofia yake.

Msidhani nilipewa zawadi. Mkuu alionywa, akabaki na cheo chake. Mimi Meneja aliniita akaniambia kwamba nilikuwa na haki kuhusu gari, lakini mfanyakazi anayefungia mali ya mwajiri hafai kuwa makao makuu. Akanipeleka kituo kidogo cha Siakago, kwenye joto na vumbi, na kwa miaka mingi kila nafasi ya kupanda cheo ilinipita ikaenda kwa wengine. Alinitumia watu waniambie nikiomba msamaha nitarudishwa Embu. Sikuomba. Mpishi wa kambi alikuwa akipita kituoni kwangu akichechemea, tunakunywa chai, na kila nilipomwona nilijua sina cha kuombea msamaha.

Nilistaafu nikiwa hukohuko. Kwenye sherehe ya kuniaga nilitakiwa niwashauri vijana juu ya utii. Nikawaambia wamtii mkubwa anayekubali kupanda gari alilotengeneza. Waliopiga makofi walikuwa wachache, lakini walipiga kwa nguvu.

Sasa niko nyumbani Githongo. Wanangu wanataka nikae nichume kahawa na kuimba kwaya, na pasta naye anasema mwanamke wa umri wangu hapaswi kulala chini ya magari ya watu. Nimewasikia wote. Kibanda changu kiko wazi kila siku isipokuwa Jumapili.

Wiki iliyopita mwalimu mmoja kijana alileta gari lake dogo, amelishusha mpaka linakaribia kukwaruza ardhi, magurudumu yameinama ndani kama miguu ya ndama mchanga. Alitaka nimkazie nati tu aende harusini na familia yake. Nikamwonyesha boljointi, kile kiungo kinachoshikilia gurudumu, ilivyofika mwisho wa uwezo wake, mahali ambapo shimo moja linatosha kuing'oa.

"Cucu, mimi nimeelewa," akasema, akiniita bibi kwa lugha ya kwetu. "Lakini nikiamua kwenda nayo hivyo?"

"Utakwenda kwa miguu," nikamwambia. "Ufunguo uko mfukoni mwangu."

Alicheka, akaona mimi sicheki. Akampigia mkewe simu kumwambia watafute gari lingine, kisha akavuta kiti akakaa.