Gemu Tulilowekewa

Siku hizi watu wazima wanaulipia utoto wao. Ndugu yangu ndiye aliyenionyesha kwenye simu yake: gemu la kupigana la miaka ya tisini, kaseti ndani ya boksi, nailoni ya dukani haijachanwa, na chini yake bei inayozidi mshahara wangu wa mwezi kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. "Ni lilelile," akaniambia kwa Kiswidi, maana tukiwa wawili ndivyo tunavyozungumza. Nilijua. Gemu hilo lilikuwa kwa baba, mtaa wa Rågsved hapa Stockholm, katika chumba cha maboksi, na nilikuwa nimelichukia kwa muda mrefu kiasi kwamba ningeweza kulichora nikiwa nimefumba macho.

Chumba hicho lazima nikieleze. Wazazi wetu walikuja Sweden kwa masomo, kutoka Morogoro, na nia ilikuwa kumaliza na kurudi. Walimaliza, wakapata kazi, tukazaliwa, na nia ikabaki palepale. Kila kitu kizuri kilichonunuliwa kiliitwa "cha nyumbani" na kikaingia chumbani na boksi lake: seti ya sahani, birika la umeme, mapazia, pasi, taulo nene. Sisi tulikula kwenye sahani zilizomeguka kingo na kujifutia taulo zilizochoka, kwa sababu Stockholm tulikuwa tunapita tu. Familia nyingi za kwetu zilikuwa na kona ya namna hiyo, chini ya kitanda au juu ya kabati. Sisi tulikuwa na chumba kizima, na mimi na ndugu yangu tukawa tunalala sebuleni.

Krismasi moja baba aliingia na mashine ya gemu na kaseti yake moja. Alituachia tushike maboksi, akatueleza kwamba tukihamia nyumbani watoto wa mtaa mzima watajazana kwetu. Wiki iliyofuata akaleta na stabilaiza, maana umeme wa kule ulikuwa unapanda na kushuka na hakutaka mashine iungue. Nilimuuliza kama tunaweza kuijaribu kwanza hapa. "Ukishafungua, si kipya tena," akasema, na vitu vyote vikaingia chumbani. Hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali ningejua pa kumshika, lakini baba yangu alikuwa mpole, na mtu mpole hakupi nafasi ya kugombana naye.

Ghorofa ya chini aliishi msichana wa darasa langu ambaye alikuwa na gemu hilohilo. Lake lilifunguliwa siku ileile liliponunuliwa, na boksi likatupwa kabla ya usiku kuingia. Nilikuwa nakaa nyuma yake kwenye zulia nikitazama, na pedi ya kuchezea nilikuwa napewa mama yake akishaita chakula. Siku moja nikamwambia kwamba hata sisi tunalo. Akataka kuliona. Nikamweleza kuwa limefungiwa, linasubiri tuhame, na kesho yake shule nzima ikajua kwamba mimi ni mwongo. Nilimbembeleza baba anipe nilipeleke asubuhi moja tu, na nailoni yake, walione kwa macho. Akakataa, lisije likabonyea pembe. Jina la mwongo nilikaa nalo mpaka nilipohama shule.

Nyumba ya Morogoro ipo, nisije nikamsingizia. Ilijengwa, ikaezekwa, ikapigwa rangi. Anaishi humo binamu yetu na familia yake, na wana runinga kubwa kuliko yetu.

Mama alifariki tukiwa tumeshakuwa watu wazima. Waombolezaji walijaa sebuleni, na wakala kwenye sahani za karatasi, huku sahani zake zenye maua ya bluu zikiwa nyuma ya mlango wa pili. Kisha tukamsafirisha. Mama alifika nyumbani kabla ya sahani zake, na mimi nilidhani baada ya hapo baba angekifungua chumba kile, angalau kwa aibu. Alichofanya ni kuongeza feni.

Kilichokuja kukifungua ni mabomba. Kampuni yenye jengo ilitangaza stambyte, yaani mabomba ya jengo zima yanang'olewa na kuwekwa mapya, na kila mpangaji aondoe vitu vyake. Ndugu yangu akaja kutoka Hallonbergen, upande wa pili wa jiji, na gari la kukodi, tukaanza kutoa boksi moja baada ya jingine. Mapazia yalikuwa yamekatika kwenye mikunjo. Pasi ilikuwa imeota kutu bila kugusa nguo. Taulo zilikuwa na harufu ya karatasi iliyolowa. Vyote vilikuwa vipya na karibu vyote havikufaa kitu, na baba alikaa kwenye kiti mlangoni akituambia tushike kwa uangalifu. Kitu kimoja tu kilikuwa kimepanda thamani humo ndani, na kilipanda kwa sababu sisi hatukukigusa.

Mimi sikutaka gemu liuzwe. Nilitaka tulifungue, tuunganishe mashine, tukae watatu kwenye sakafu ya chumba kile kikiwa kitupu, tucheze mpaka mafundi watutoe. Ni jambo la kitoto na nilikuwa na mvi kichwani. Nililitaka hivyohivyo.

"Baba, naomba tulifungue," nikamwambia. "Mara moja tu."

"Binti yangu, kitu kimetunzwa miaka yote hii, sasa kimepata bei. Unataka tukiharibu leo?"

"Lilikuwa letu, baba."

"Lilikuwa la nyumbani."

"Men pappa, lakini baba," ndugu yangu akaingilia, "nyumbani kila mtu ana simu. Hakuna atakayelicheza hilo."

"Basi liuzwe," baba akasema, na ndugu yangu, ambaye alidhani ananisaidia, akashusha pumzi na kutoa simu.

Mnunuzi alikuja Jumamosi. Alikuwa mwanamume wa rika langu, Mswidi, mwenye adabu, na alikuja na glavu za pamba na tochi ndogo. Aliliweka gemu juu ya meza ya jikoni akalizungusha taratibu, akamulika pembe, akamulika mshono wa nailoni, akamulika kibandiko cha bei cha dukani ambacho kilikuwa bado kimeng'ang'ania. Baba akamwekea chai. Yule bwana akasema hajawahi kuona lililo safi namna hii kutoka nyumba yenye watoto, kwa kuwa watoto wa siku zile walikuwa wanararua palepale.

"Nyinyi mlikuwa na nidhamu ya ajabu," akaniambia.

Baba akatabasamu. Kwa Kiswidi chake cha taratibu akamweleza kwamba aliwalea watoto wake kutunza vitu. Sijawahi kutamani kupindua meza kama siku ile, na chai, na glavu, na kila kitu. Badala yake nikamuuliza mgeni kama atalicheza. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama atalila. Litakaa ndani ya kasha la plastiki ngumu, akasema, kwenye rafu yenye taa, pamoja na mengine ambayo nayo hayajafunguliwa. Alilisema hilo kwa furaha ya kweli. Nikaona kwamba huyu na baba wangeweza kuelewana vizuri sana.

Walipomalizana, ndugu yangu alimsindikiza hadi kituo cha treni. Mimi nilibaki jikoni nikiosha vikombe. Baba alikuwa bado amekaa mezani, akigusa mahali gemu lilipokuwa, na nikajua kuna jambo anataka kusema. Nilikausha mikono nikamsubiri. Nilitaka aniombe radhi, nakiri. Hata nusu ya neno ingenitosha.

"Hivi," akasema, "kwani lile gemu lilikuwa linachezwaje?"

Nilidhani ananitania. Uso wake haukuwa na utani. Alikuwa ananiuliza kwa dhati, mtu aliyelinunua, akalinunulia stabilaiza, akalinda pembe zake dhidi ya binti yake. Nikamweleza kile nilichokiona nikiwa nyuma ya mtoto wa watu: wawili wanasimama wakitazamana, kila mchezaji anamwongoza wa kwake, wanapigana mpaka mmoja aanguke, kisha wanaanza upya.

"Halafu?"

"Basi."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna, baba."

Akatikisa kichwa, na nilimchukia hata kabla hajafungua kinywa.

"Mimi nilidhani ni kitu kikubwa," akasema. "Ningejua ni hicho tu, ningewaachia mfungue."