Shangazi Fundo na Lulu Zilizopigwa Eksirei

Shangazi yangu anaitwa Fundo kwa sababu mbili. Ya kwanza, kazi yake ni kutunga mikufu, na kati ya lulu moja na nyingine hupiga fundo dogo la uzi wa hariri, ili mkufu ukikatika idondoke moja tu, siyo zote zikaishie chini ya makabati. Ya pili, akikukamata kwa mdomo, huchomoki.

Ameifanya kazi hiyo miaka thelathini na nane katika chumba kimoja juu ya karakana ya fundi viatu. Harufu ya gundi inapanda kwa ngazi, na wateja wake huondoka wamechangamka kidogo bila kujua kwa nini. Meza yake iko dirishani. Ana sinia la kitambaa cha kijivu lenye mifereji ya kupangia lulu, mkasi ambao mtu mwingine haruhusiwi hata kuutazama sana, na lenzi inayoning'inia pale ambapo wanawake wengine huvaa kidani. Yeye mwenyewe havai hata hereni. Anasema daktari wa matumbo harudi nyumbani amejivika utumbo.

Mdogo wake, ambaye kwangu ni baba mdogo, ni mkaguzi wa mizani aliyestaafu. Alikuwa akiingia sokoni na mawe yake ya kupimia kwenye sanduku la mbao, wauza nyama wakaanza kutubu kabla hajafungua kifuniko. Aliweza kutazama mizani kwa mbali akasema, "Hiyo inadanganya gramu ishirini." Basi mtu huyo huyo, baada ya ugane wa miaka sita, akapata mchumba: mwalimu wa kuogelea, mabega mapana, kicheko cha kutingisha vioo. Baba mdogo akataka kumpa zawadi ya harusi isiyo na mfano. Akaingia mtandaoni.

Siku mkufu ulipofika nilikuwepo. Alipanda zile ngazi mbili mbili, akauweka mezani kwa dada yake kama mtu anayeweka taji.

"Dada, nitungie upya, uzi wake umelegea. Lakini taratibu. Hizi ni lulu asilia."

Shangazi hakuugusa. "Asilia vipi?"

"Asilia! Chaza amezitengeneza mwenyewe huko chini baharini, hakuna binadamu aliyetia mkono. Zimethibitishwa. Na zilikuwa zimebaki tatu tu."

"Lulu tatu?"

"Mikufu mitatu, dada. Tangazo lilikuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma."

"Na wewe ukakimbizwa na saa." Sasa akauchukua, akausogeza dirishani. Akasugua lulu moja kwenye meno yake ya mbele. "Inakwaruza kidogo, kama mchanga. Basi si plastiki. Hongera."

Baba mdogo akapiga makofi. "Si nilisema!"

"Hujasema kitu. Meno yanajua plastiki tu. Lulu ya kufugwa nayo inakwaruza, maana naye chaza ndiye aliyeifunika. Tofauti ni kwamba mtu alimpasua kidogo, akamtumbukizia kishanga ndani, akamwambia haya, endelea." Akahesabu kwa kidole. "Hamsini na moja. Zote mviringo, zote saizi moja, zote rangi moja. Hebu niambie, hao chaza hamsini na mmoja walikuwa wanapigiana simu ili wafanane?"

"Kuna cheti!"

Kilikuwa kadi ngumu yenye ukingo wa dhahabu na saini ya kupinda kama nyoka mwenye kichomi. Shangazi alikisoma mara mbili, kisha akanipa mimi nisome kwa sauti. Kiliandikwa "lulu halisi". Asilia haikuwepo popote. Halisi, alisema shangazi, hata ya kufugwa ni halisi. Hilo neno linaingia kila nyumba. Hakikuwa na picha ya mkufu, wala vipimo. Na ile taasisi ya kimataifa iliyokitoa ilikuwa na barua pepe ile ile ya duka.

"Uzito uko wapi?" shangazi akauliza polepole.

Baba mdogo akageuza kadi. Akaigeuza tena.

"Wewe," akasema dada yake, "uliyefunga bucha la watu kwa gramu kumi na tano, umepokea cheti kisicho na uzito?"

 Baba mdogo alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono katikati ya magoti. Halafu ukaidi ukamrudia. Akasema macho ya dada yake yamezeeka, lenzi yenyewe ina mkwaruzo, na yeye haamini kipimo ambacho hakijapimwa.

"Hapo sasa umesema neno la maana," shangazi akajibu. "Kwa jicho na mimi siwezi kuapa. Maabara ya vito huzipiga eksirei." Kisha wote wawili wakanigeukia, kwa sababu mimi ni msaidizi kwenye kliniki ya meno.

Daktari wangu alikubali tuje wote watatu wakati wa chakula cha mchana, kwa udaku mtupu. Tulilaza lulu nne juu ya kile kibapa kidogo cha eksirei tunachowawekea wagonjwa mdomoni, mkufu uliobaki ukining'inia pembeni kama ulimi. Picha ikatokea kwenye skrini. Ndani ya kila lulu kulikuwa na duara kubwa, safi kama limechorwa kwa bikari, limezungukwa na ganda jembamba tu. Mayai manne, kiini kikubwa, ute kidogo.

"Hicho ndicho kishanga," akasema shangazi.

"Sioni jino bovu," akasema daktari.

Baba mdogo aliomba niipige picha ile skrini nimtumie kwenye simu, akatoka bila kuaga.

Siku tatu zilizofuata alipigana na duka. Alianza kwa upole. Wakamjibu: "Mpendwa mteja, lulu zetu ni asilia kwa sababu zinatoka kwa chaza, na chaza ni kiumbe asilia." Akawaandikia kwamba kwa hesabu hiyo suruali yake ya pamba ni shamba. Wakampa punguzo kwa manunuzi yajayo. Akawatumia eksirei. Wakanyamaza, na asubuhi yake tangazo likawa limebadilika: "lulu asilia" imegeuka "lulu zenye mng'ao wa asili", eti ndivyo lilivyokuwa tangu mwanzo. Hapo walimchokoza mtu asiyechokozeka. Ukaguzi ulikuwa umemfundisha kuhifadhi ushahidi kabla ya kununua hata kiberiti. Tangazo la kwanza alikuwa amelichapisha, lina tarehe, limetobolewa, limo kwenye faili. Alilipeleka kwa wenye soko lile la mtandaoni pamoja na eksirei, na barua ya kurasa nne yenye vifungu vilivyopewa namba. Wakamrudishia pesa zote. Nadhani walilipa ili asiandike ukurasa wa tano.

Mkufu nao haukutakiwa na mtu, kwa kuwa duka halikuwa na anwani ya kurudishia. Shangazi akautunga upya, mafundo hamsini, huku akinung'unika kwamba lulu zenyewe hazina kosa, ni nzuri, utando wake unang'aa vizuri. Aliyekosea ni mwenye kalamu.

Iliyobaki ilikuwa kumwambia mchumba. Baba mdogo alitaka kunyamaza. Dada yake akamwambia akinyamaza atakuwa tawi la lile duka. Basi akasema, mbele yetu, macho kwenye viatu: zawadi si lulu asilia, ni za kufugwa, na nilitapeliwa kama mtoto.

Mwalimu wa kuogelea akaujaribu shingoni mbele ya kioo. "Za kufugwa?" akasema. "Hata mimi mama yangu alinifuga mpaka miaka thelathini na mbili." Akacheka mpaka vifungo vya mikufu vya shangazi vikarukaruka ndani ya kikopo chake. Harusini aliuvaa. Bwawani haukuingia, kwa amri ya Fundo: dawa ya maji inakula lulu.

Miezi miwili baadaye daktari wangu aliniita ofisini, simu mkononi. Duka lilikuwa limefufuka kwa jina jingine, na picha kubwa ya tangazo ilikuwa eksirei yetu, ncha ya kidole changu ikiwa pembeni. Juu yake: "ASILIA! ZIMEPIGWA EKSIREI NA DAKTARI BINGWA!" Daktari alifoka. Kisha akaitazama tena simu, pale palipoandikwa bingwa.

Shangazi, ambaye hadi siku hiyo simu kwake ilikuwa ya kupigia tu, alinilazimisha nimfungulie akaunti. Chini ya tangazo akaandika: "Hayo maduara mnayoyaonyesha ndiyo yanayowaumbua. Asanteni kwa kujishtaki." Wakamzuia. Akafungua nyingine. Watu waliosoma wakaanza kumtumia viungo vya maduka: mama, hizi je? Huwajibu kwa ufupi unaokaribia utovu wa adabu. "Saizi moja zote? Hapana." "Jina la maabara? Piga simu maabara yenyewe, siyo namba ya kwenye tangazo." "Bei ya viatu? Basi nunua viatu."

Mwezi uliopita mzee mmoja wa kike alipanda na bruchi ya bibi yake, pambo la kubana kifuani, iliyolegea pini. Katikati palikuwa na kilulu kidogo kuliko punje ya mchele, kimebonyea upande mmoja, rangi ya meno ya mvuta sigara. Shangazi alikitazama muda mrefu, akakataa kusema chochote, akamwelekeza maabara ya vito. Jana yule mzee alirudi na kilulu kilichotolewa kwenye bruchi ili kipimwe, na karatasi: uzito, vipimo, picha, namba. Lulu asilia.

Fundo akaomba akishike tena. Miaka thelathini na nane, na hiki kilikuwa cha kwanza cha uhakika kumpitia mkononi. Alikiviringisha kiganjani, akakileta karibu na lenzi, akaguna.

"Kibaya!" akasema kwa furaha. "Njoo uone kilivyo kibaya!"