Maswali ya Haydée Juu ya Ulises

Kabla kliniki ya mji wetu wa Ahuachapán haijamwajiri, Haydée alikuwa akikaanga pupusa, vile vimkate vya mahindi vyenye maharage ndani, nje ya shule. Sasa anazunguka nyumba kwa nyumba akiwauliza akina mama tabia za watoto wao wachanga. Akifika huvua viatu, hupuliza uji wa mahindi mabichi anaokaribishwa, huulizia wagonjwa wote wa mtaani, ndipo atoe karatasi ya maswali.

Ulises wangu alikuwa na miezi sita. Nilimpata nikiwa na miaka arobaini na mbili, baada ya kuzika wawili, na hata akisinzia mchana nilikuwa nainama kusikiliza pumzi zake.

"Haya, mama. Wiki hii ukimwogesha, amecheka mara nyingi, mara chache, au hajacheka?"

"Hajacheka."

"Akimwona mgeni?"

"Analia tu. Mkorofi huyu, na sura mbaya."

Kwetu mtoto hasifiwi hivihivi. Ukisema ni mcheshi, jicho la mtu humpata, homa ikamshika, maziwa yakakataa kukaa tumboni. Kwa hiyo kila swali nilimchafua, naye Haydée akaandika.

Wiki iliyofuata alirudi bila utani. Nesi alikuwa amesoma majibu yangu: mtoto hacheki, hatulii, hataki watu. Alitaka Ulises apelekwe San Salvador, kwa daktari wa ubongo.

Nikaanza kujiuliza kama kweli niliwahi kumwona akicheka, au ni tamaa yangu tu. Ulises naye alikuwa amening'inia kwenye hereni ya Haydée, anachekelea mpaka udenda unamtoka.

"Na huyu anayening'oa sikio kwa furaha ni wa nani? Wa jirani?"

"Haydée, usiseme kwa sauti!"

"Ahaa! Ndiyo maana mtaa mzima mna watoto wabaya. Kwa jirani yako Marleni nimeandikishwa jini!"

"Ulijua, na bado ukaandika?"

"Naandika unachosema, mama, siyo ninachokiona. Mimi mwenyewe wangu wanne niliwatukana hivyohivyo."

Akanawa, akaweka kiganja juu ya utosi wa Ulises. Kwetu mtoto akisifiwa huku ameguswa, jicho halimdhuru.

"Sasa sema ukweli. Mkono hautoki hapa mpaka tumalize, na nesi atayapata majibu leo hii."

"Utaandikaje?"

"Kwa kushoto. Atadhani kuku amepita."

Akauliza tena juu ya kuoga. Nilichungulia mlangoni kwanza.

"Anacheka," nikasema.

"Sisikii."

"Anacheka! Anayapiga maji mpaka mimi ndiye ninayeoga. Baba yake akikohoa tu nje, anarusha miguu. Mbwa akipita, anamwita kwa lugha yake..."

Haydée alikuwa ameshaacha kuandika. Mimi niliendelea, maana sikuwa nimewahi kumwambia mtu yeyote jinsi mwanangu alivyo mzuri, na mkono wa Haydée ulikuwa bado upo palepale utosini.