Popo wamefukuzwa kwa kosa la kula senene

Baba mdogo amewafukuza popo wetu kwa moshi, na sababu yake ni senene, wale panzi wa kuliwa.

Nimefika kijijini Ngenge leo mchana kuangalia maparachichi yetu. Nakuta moshi mzito unatoka kwenye dari ya stoo. Popo wanaruka ovyo juani, wengine wameanguka chini na watoto wao kifuani.

Ni wale wadogo wanaokula wadudu. Wale wanaokula matunda ni wakubwa, tena wanalala mitini, si darini kwetu.

Nikamwambia hivyo. Akanijibu ametulia kabisa, "Najua hawali matunda. Wanatumalizia senene kwenye taa za kuwategea."

Jamani.

Senene sisi Wahaya tunawapenda, lakini wanakuja kwa msimu. Nondo ambao viwavi wao wanatoboa maparachichi tunao mwaka mzima, na waliokuwa wanawala ni hao hao popo, bure, kila usiku.

"Sasa nondo wataliwa na nani, baba mdogo?"

"Wewe si unakaa mjini? Utaleta dawa."

Yaani nisafiri na sumu kwa kazi iliyokuwa inafanyika yenyewe.

Mama mdogo akaleta sahani ya senene wa kukaanga ili kunituliza. Baba mdogo akaisogeza kwangu. "Kula. Hawa ndio waliokuwa wanamalizwa na popo wako."

Nikachukua mkoba, nikaaga, nikarudi kwangu mjini, Kashai.

Semeni nyie, mngekula?

Mimi, Mhaya, nimeacha senene mezani. Hapo mjue nimekasirika.