Makopo Matano Mezani kwa Shangazi

Pah! Sauti kavu, fupi, kama ya mtu aliyefunga kitabu baada ya kusoma sentensi asiyoipenda. Tangu utotoni, nikiisikia hiyo nikiwa bado nje ya mlango, nilijua shangazi yangu yuko nyumbani na moyo wake umetulia. Kirisasi kimepita kwenye kadi ya shabaha na kugonga sanduku la chuma lililoegemezwa ukutani, mwisho wa korido.

Shangazi hakuwa mwindaji wala askari. Alikuwa mpimaji wa dawa katika zahanati, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, aliyepima unga wa dawa kwa mizani ndogo kwa miaka thelathini. Klabu ya shabaha ilifanya mazoezi katika ukumbi uliopakana na zahanati hiyo. Siku moja aliingia humo kulalamikia kelele. Wakampa bunduki ya upepo ajaribu. Alirudi kazini amechelewa dakika arobaini, na habari ya kelele hakuitaja tena.

Mumewe aliitwa Fundi na kila mtu, hata na mkewe, kwa sababu hakuna gari lililokohoa mtaani bila kupita mikononi mwake. "Mke wangu ana bunduki, mimi nina spana," alikuwa akiwaambia wageni. "Mwizi achague mwenyewe." Lile sanduku la chuma alilichomelea yeye, akajaza matambara ndani ili virisasi visirudi.

Kisha akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, ulimi ukawa mzito, gereji ikafungwa. Shangazi aliacha kazi kabla ya wakati ili amuuguze. Katika juma zima alibakiwa na asubuhi mbili tu za kwake, Jumanne na Jumamosi, jirani alipokuja kukaa na Fundi naye akaenda klabu. Asubuhi hizo zilikuwa za watu wa timu, na timu ni watu wanne. Asiye wa timu husubiri nafasi ibaki, nayo haibaki.

Mwaka huu wakawa watano.

"Jumamosi tunachuja, Shangazi," nahodha wa klabu alimwambia. Pale klabu nao walimwita hivyo hivyo.

"Na mimi ni wa ngapi?"

"Wa nne na nusu."

Alicheka, lakini kicheko hakikufika nyumbani. Virisasi alivyovizoea vilikuwa vimekwisha. Kiwanda kilikuwa kimeacha kuvitengeneza. Ilimbidi achague vingine, na muda haukuwepo. Akanunua makopo matano ya aina tano, akayapanga juu ya meza ya jikoni kama wagonjwa kwenye benchi.

Nilifika Alhamisi, nikamkuta kazini. Kirisasi ni kitu kidogo kuliko punje ya mahindi, kina kiuno chembamba na sketi nyuma, kama mwanasesere. Vingine vina kichwa cha mviringo. Vya shabaha vina kichwa bapa, ili vikate tundu safi kwenye kadi na waamuzi wasibishane.

"Huwezi kujua kwa kutazama kopo," alinieleza. "Viwili vinaweza kupishana unene kwa unywele tu, na bunduki moja ikakipenda hiki, jirani yake ikakitema. Yenyewe ndiyo inayochagua. Kazi yangu ni kuiuliza vizuri."

Namna yake ya kuuliza ilikuwa hii: aliilaza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, mkono usije ukasingiziwa, akapiga risasi tano za kila kopo akilenga palepale. Matundu matano yakifunikwa na kifungo kimoja cha shati, hilo ndilo kopo.

Alipiga makopo yote matano. Kadi tulizozitoa zilikuwa aibu. Tundu moja huku, jingine kule, kama watu waliogombana kwenye harusi.

Shangazi aliweka bunduki chini, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

"Vipi?" Fundi aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Vibaya."

"Vyote?"

"Vyote, Fundi. Labda ni mimi. Macho yamekwisha."

"Si macho. Jana… umenitoa mwiba." Aliyakusanya maneno. "Na bunduki ni safi. Nimeisafisha. Mimi."

Shangazi alifunga bomba la maji. "Umeisafisha lini?"

Taratibu, neno baada ya neno, akasimulia. Jumatano, mkewe alipokwenda sokoni, alimwomba jirani amshikie kitako cha bunduki. Yeye akaingiza brashi ya waya na tambara la petroli ndani ya mtutu, akivuta kamba kwa mkono wa kushoto na kwa meno. Akamaliza kwa mafuta. Saa tatu nzima. "Mle ndani… masizi! Miaka yote hiyo! Fundi mzima, mke wangu anatumia bomba chafu!" Uso wake ulikuwa umechangamka hata ule upande uliolala.

Mtu wa magari angejuaje? Kila kirisasi kinachopita huacha utando mwembamba ndani ya mtutu, na virisasi vifuatavyo huteleza juu ya utando huo. Shangazi aliutunza miaka yote, akipitisha kitambaa kikavu tu. Sasa vilikuwa vikikimbia juu ya chuma kitupu kilichopakwa mafuta. Makopo matano yalikuwa yamehukumiwa bure.

Nilimwona akifungua kinywa. Halafu akautazama mkono wa kushoto wa mumewe. Chini ya kucha palikuwa na weusi wa mafuta, ule weusi ambao haukuwa umeonekana nyumbani mle kwa miaka miwili.

Fundi hakuwa mjinga. "Nimeharibu?"

Shangazi alivuta kigoda akaketi mbele yake. "Injini ikitoka kufumuliwa, ukaivisha pistoni mpya, unampa mwenyewe akimbie nayo safari siku hiyo hiyo?"

"Hapana. Inakimbizwa polepole kwanza… vyuma vizoeane."

"Basi."

Fundi aliinamisha kichwa. Nilidhani analia. Kisha akapiga goti lake kwa ule mkono mzima. "Risasi ngapi?"

"Mia. Labda na zaidi."

"Leo Alhamisi."

"Najua leo Alhamisi."

"Sasa umekaa hapa unanitazama nini?"

Jioni ile na kesho yake asubuhi nyumba nzima ilikuwa ni pah, pah, pah. Kopo la vichwa vya mviringo, ambalo mwenye duka alikuwa amelisifia sana, liliteketea lote kwa kuuzoeza mtutu. Fundi naye alidai kazi. Shangazi akampa kipande cha kioo na makopo mawili ya vichwa bapa yaliyofanana kwa kila kitu isipokuwa ule unywele wa unene. Shangazi alipima kila kirisasi kwa mizani. Fundi alikiviringisha juu ya kioo kwa kidole cha shahada. Kilichoyumba, sketi yake imepinda.

"Hiki kilema."

"Mizani imekipitisha."

"Mizani yako… imesomea dawa. Hiki kilema."

Shangazi aliposhika lenzi akakitazama, kilikuwa kilema.

Ijumaa mchana matundu yalianza kupatana. Makopo yale mawili yakakaribiana mno, Shangazi akashindwa kuamua. Alirudia mara tatu, akapanga kadi mezani, akazigeuza, akazipanga tena.

"La pili," Fundi alisema. Alikuwa amefumba macho.

"Hujaziona hata kadi."

"Nasikiliza. La kwanza linabadilisha sauti. La pili… pumzi ni ileile kila mara. Linakaa."

Miaka arobaini alikuwa akitambua ugonjwa wa injini akiwa ng'ambo ya barabara. Shangazi akapiga tano za kopo la pili, akaleta kadi, akaweka juu yake kifungo cha shati. Hakuna tundu lililochungulia.

Jumamosi nilimbebea mkoba mpaka ukumbini. Alianza vibaya, mabega yamepanda juu. Kwenye kadi ya tatu yakashuka. Nahodha aliposoma matokeo, Shangazi alikuwa wa nne. Wa tano, nyuma yake kwa pointi moja, alikuwa daktari wa meno, kijana mpole mwenye bunduki mpya inayong'aa. Akamfuata hadi mlangoni.

"Shangazi, leo umeniumiza."

"Wewe unaumiza watu kila siku, na wanakushukuru."

"Haya, niambie tu. Hivyo virisasi nani amekuchagulia?"

Shangazi alikuwa akifunga zipu ya mkoba. Hakuinua uso, na ilimbidi yule daktari ainame ndipo asikie.

"Mume wangu. Siku hizi ndiye anayechagua."