Mbeleko ya Kalunde

Siku ninayoikumbuka kuliko zote katika mwaka ule wa barakoa ni Jumatano moja, saa nane hivi mchana, mvua imekatika na mji umenyamaza. Tarehe usiniulize, mwanangu. Mwaka ule siku zilifanana mno, na mimi nilizitofautisha kwa kushona tu. Nilikuwa nimekaa mkekani chumbani kwangu hapa Kitete, Tabora, dirisha wazi, harufu ya udongo mbichi inaingia, na magotini nina kitenge cha marehemu mama yangu. Mkononi nilikuwa na mkasi.

Nilikuwa na miaka hamsini na tisa. Najua wazee wakianza kusimulia makosa yao hurudi mbali kabisa, enzi walipokuwa hawajui kitu. Makosa yangu ya usichana yapo mengi, na mengine sitakusimulia hata ukinipikia ugali na mlenda. Lakini hili ndilo lililonifunza, na nilikuwa nimeshastaafu ualimu nilipolifanya. Basi liite kosa la ujana wangu wa mwisho.

Ngoja kwanza nikueleze tulivyokuwa tukiishi, maana wewe ulikuwa mdogo. Getini kila nyumba iliweka ndoo yenye bomba, na sabuni imefungwa kwenye kipande cha neti ili isiibwe na kunguru. Mkono hupewi, mtu anaweka kiganja kifuani, anainamisha kichwa, anapita. Kanisani tulikaa mmoja huku mwingine kule, na nyimbo zikitoka nyuma ya barakoa zilisikika kama zinaimbwa nyumba ya jirani. Asubuhi nilijifukiza kwa majani ya mwarobaini na mchaichai, nimejifunika blanketi zito juu ya sufuria. Nikitoka humo uso umelowa na kichwa chepesi, siku nzima iliyobaki ilikwenda kama usingizi wa mchana, ule ambao unasikia watu wanaongea lakini huamki.

Kijana wangu aliyeko Dodoma aliona mama yake atachanganyikiwa kwa upweke. Akaniunga kwenye darasa la mtandaoni la kushona mablanketi ya vipande. Unakusanya vitambaa vidogo vidogo, unaviunganisha kimoja baada ya kingine mpaka vinatosha kitanda, chini unaweka blanketi kuukuu, kisha unavishika vyote pamoja kwa mishono ya mkono. Mwalimu wetu alikuwa binti wa Arusha mwenye sauti laini, anatuita wapendwa hata tukikosea. Mimi niliyefundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na fimbo mezani nilimshangaa sana yule binti.

Basi wiki ikapata sura. Jumatatu darasa. Jumanne kukata, Jumatano kupanga vipande kitandani na kuvitazama. Siku nyingine nilipika keki ya asali kwenye sufuria yenye mkaa juu na chini, kama nilivyoona simuni, ikaungua juu na chini. Alhamisi kwaya yetu ilifanya mazoezi kwa simu, kila mtu kwake, na sauti ya pili ilifika wakati sisi wa kwanza tumeshamaliza ubeti. Nilicheka peke yangu mpaka machozi. Nilikuwa na furaha, mwanangu, sitakuficha. Watu walikuwa wanaumwa na mimi nilikuwa na furaha yangu ndogo ya sindano na uzi.

Kisha mwalimu akatupa kazi ya blanketi la kumbukumbu. Alisema, chagueni nguo za mtu mnayempenda, Jumamosi tuonyeshane picha.

Mama yangu alikuwa amefariki miezi miwili nyuma, nyumbani kwake Puge. Mimi ndiye mkubwa. Nilimuuguza, nilimshika mkono akiondoka, nilimwosha. Mdogo wangu Kalunde, kitinda mimba wetu, hakuja. Ameolewa Choma kwa wafugaji, na wiki ile mume wake alikuwa anakohoa, wakaambiwa wasichangamane na watu. Alizika kwa simu. Nilisimama ukingoni mwa kaburi nimeinyoosha simu mbele, na Kalunde akasikiliza koleo na udongo ukianguka. Hakulia. Alisema tu, dada usikate.

Sasa, kwetu nguo za marehemu haziguswi ovyo. Msiba ukiisha ukoo unakaa, mkeka unatandikwa, mkubwa wa upande ule anaita jina moja moja na kila mtu anapewa chake. Mwaka ule hatukuweza kukaa. Kwa hiyo mama mdogo Mwashi, mdogo wake marehemu, alinikabidhi sanduku la bati akasema nilitunze mpaka tutakapokutana. Kutunza, mwanangu. Hakutaja kutumia.

Siwezi kusema sikujua. Nilifungua sanduku Jumatano ile, harufu ikanijia usoni, moshi wa kuni na sabuni ya mche, na mama yangu alikuwa pale kabisa, amekaa, anachambua mboga. Nikasema nitakata kimoja tu. Kile cha kwanza kilikuwa kitenge cha buluu chenye majani ya njano, kimepauka sana katikati, na pembe zake zimejikunja kwa mikunjo mikavu iliyokataa kunyooka. Unajua nilifanya nini? Nilizipiga pasi zile pembe mpaka zikalala. Kisha nikakata. Cha pili kikaja chenyewe, cha tatu pia, na kufikia jioni ya Alhamisi nilikuwa nimekata nguo saba.

Jumamosi blanketi liliisha. Likapendeza. Darasani walinipigia makofi ya simu, mwalimu akasema ameguswa, na mimi kwa kimbelembele changu nikaituma picha kwenye kundi la ukoo. Binamu zangu wakaleta mioyo na maua. Nikawa naingia kila baada ya dakika mbili kuhesabu sifa. Mara nikaona kimstari kidogo chini ya sifa zangu, kwamba Kalunde ameondoka kwenye kundi.

Nilimpigia siku ile, hakupokea. Nilimpigia kesho yake baada ya ibada, hakupokea. Kalunde ambaye alipofika miaka minne, mama akienda shamba la tumbaku, mimi ndiye niliyemlisha uji. Jumatatu simu ililia, nikairukia, kumbe ni mama mdogo Mwashi. Alisema maneno manne tu: njoo Puge na blanketi.

Barabara ya kwenda Puge naipenda. Ndani ya basi, barakoa imenibana masikio, nilisinzia nikamkumbuka mama alivyokuwa akitusimulia kuhusu babu yake aliyekuwa mpagazi, aliyebeba vitambaa kutoka pwani mpaka hapa Tabora, msafara baada ya msafara. Babu huyo alikuwa akifumba macho anakitambua kitambaa kwa vidole. Nilipoamka tulikuwa tumefika.

Mama mdogo alikuwa uani anabangua karanga. Kigoda changu alikiweka mbali naye, hatua nne.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Aliendelea na karanga zake. Mwanangu, umri ule wote sikuwahi kunyimwa marahaba, na sikujua nitazame wapi.

"Litandike," akasema baadaye.

Nikalitandika mkekani. Alinawa mikono kwenye ndoo, akapiga magoti, akafumba macho. Akaanza kupitisha vidole juu ya vipande. Hiki alikivaa ubatizo wako, alisema. Hiki alinunua Nzega tukiwa wote. Hiki nilimpa mimi. Alipofika kwenye vile vya buluu vidole vikasimama.

"Kazi yako nzuri. Nani alikwambia ukate?"

"Nilidhani mtafurahi, mama. Nilimkumbuka sana."

"Ulimwosha wewe. Ulimvika wewe. Kalunde alipata nini?"

Akajijibu mwenyewe:

"Alipata simu. Siku ya tatu ya msiba alinipigia. Hakutaja shamba wala ng'ombe. Aliniomba hiki tu, mbeleko yake."

Hapo ndipo nikazielewa zile pembe. Kalunde alizaliwa dhaifu, na mama alimbeba mgongoni mpaka akafika miaka mitatu, shambani, kisimani, kanisani, katika kitenge kile kimoja. Kule kupauka katikati ni mwili wake. Ile mikunjo ni mafundo ya mama, aliyoyafunga kifuani kila siku ya Mungu, na mimi niliyeyaona kwa macho yangu nikiwa msichana wa miaka kumi na mitatu nimeyapiga pasi kwa ajili ya picha.

"Nitalirekebisha," nikasema. "Nitashona upya, vile vya buluu nitavitoa nimtengenezee…"

"Sikusema ushone. Fumua."

"Lote?"

"Lote. Ulikaa peke yako ukashona kilio cha watu wote. Sasa kaa hapa ukifumue, na uzi usiutupe."

Kisha akarudi kwenye karanga zake. Baada ya kitambo kirefu, bila kuinua uso, akasema, "Marahaba."

Nilifumua siku tano. Mishono niliyosifiwa ndiyo iliyonitesa zaidi, maana midogo haifumuki upesi. Mazoezi ya kwaya ya Alhamisi yalipita, simu ikiwa imezimwa kapuni. Asubuhi ukungu ulikaa juu ya mashamba, mchana nyuki waliingia na kutoka kwenye mzinga wa jirani, na mimi nafumua tu, nafumua, mpaka nikawa sijui kama ninachofumua ni mwezi huu au utoto wetu. Kila uzi uliotoka niliuweka kwenye kopo.

Siku ya sita wakaja ndugu wachache walioweza. Tulikaa uani mbalimbali, kila mtu na kigoda chake. Kalunde alifika kutoka Choma, mume wake alikuwa amepona. Nilichoona ni macho yake tu juu ya barakoa, na hayakunitazama.

Mama mdogo aliita jina moja moja. Watu walipokea vipande badala ya nguo, na hakuna aliyelalamika kwa sauti, jambo lililoniuma kuliko kama wangenisema. Kalunde alipoitwa alipewa vile vya buluu, vyote ishirini na vinne. Alivipokea kwa mikono miwili, akavinusa juu ya barakoa. Kisha akaishusha barakoa, akavinusa tena, akakaa hivyo muda mrefu. Mwaka ule lilikuwa jambo la kukemewa, na hakuna aliyefungua mdomo.

Mimi niliitwa mwisho.

"Wewe umeshachukua chako," mama mdogo akasema. "Chukua uzi."

Nikapokea kopo la nyuzi fupifupi mbele ya ndugu wote waliokuwepo. Nililia, mwanangu, mama mzima mwenye wajukuu, kamasi ndani ya barakoa.

Alasiri watu walipotawanyika, Kalunde alibaki kibarazani. Alikuwa amevipanga vipande vyake sakafuni, si kwa michoro bali kwa jinsi vilivyopauka, vilivyokolea pembeni na vyeupe katikati, mpaka kitenge kikaonekana tena. Mimi nilisimama mlangoni kama mgeni. Tangu afike hakuwa amenisemesha.

"Dada," akasema bila kugeuka. "Huo uzi utaniazima?"

Nikampa kopo lote. Kalunde hajui kushona. Mishono yake ni mirefu, inapinda, na kwa kuwa nyuzi zilikuwa fupi ilimbidi aunge kila baada ya inchi chache, fundo juu ya fundo. Vidole viliniwasha. Nikanyoosha mkono.

"Usinisaidie," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Nishikie tu hapa, kisitembee."

Nikakaa chini, nikashika ule upande mwingine, na tukakaa hivyo mpaka jua likashuka, yeye anashona na mimi nimeshika. Hapo katikati aliniuliza mama alisema nini mwishoni. Nikamweleza yote, pole pole, kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, maana siku moja na wewe utakabidhiwa sanduku. Ukiambiwa utunze, tunza. Mapenzi yako kwa marehemu hayakupi ruhusa ya kukata. Uliza kwanza, na umwulize hasa yule aliyekuwa mbali, yule aliyekosa kushika mkono, kwa sababu wewe uliyekuwepo umeshapata fungu ambalo yeye hatalipata kamwe. Usikimbilie kupiga picha huzuni ya nyumba. Ukiona kitu kimejikunja usikipige pasi kabla hujajua nani alikikunja. Na ukiharibu, usiwe mwepesi wa kurekebisha kwa namna unayoitaka wewe. Fumua, peleka, kaa chini, shika pale utakapoambiwa ushike.

Mwaka jana binti yake Kalunde alijifungua, nikaenda Choma kuwaona. Mtoto alikuwa mgongoni mwa mama yake ndani ya ile mbeleko, mafundo ya nyuzi zangu fupi na mishono ya Kalunde yote hadharani. Alipoamka shavu lake lilikuwa na alama za vifundo, safu nzima. Kalunde akazipapasa akacheka. "Hizo," akamwambia mtoto, "amekuandikia bibi yako mkubwa."

Nenda sasa. Mungu akulindie mikono yako, akupe kazi ya kuipenda na siku tulivu za kuifanya. Na siku utakapokosea, akupe ndugu atakayekuita umshikie upande wa pili wa kitambaa.