Mchoraji wa Chumba cha Kufulia

Mwaka tisini na saba, kwenye jengo letu la mtaa wa Parkdale, Kanada, mchoraji mmoja Mfilipino wa ghorofa ya nne alikuwa anatundika kila picha yake mpya kwenye chumba cha kufulia, juu ya mashine. Siyo mashamba ya mpunga ya kwao, siyo nyati wa kulimia. Miraba tu, na mistari kama imechanwa kwa kisu. Halafu anakaa na kikapu chake cha soksi, rangi imejaa kwenye kucha, anaangalia watu, haangalii picha. Mwezi ukiisha na watu bado wanaitazama, picha inapona. Wakishaizoea, anaikwangua yote na kuanza upya.

Jumamosi moja picha iliyokuwa ukutani ilikuwa inaondoka kesho yake kwenda kwenye maonyesho, ya kwanza kwake tangu ahamie Kanada. Mama Donatienne, Mrundi wa ghorofa ya pili, alikuwa anasubiri nguo zake, mchoraji amekaa pembeni. “We kijana, mwambie huyo mzee ile nyekundu ya kona inapiga kelele. Inanichosha.” Kwa aibu nikamtafsiria mzee kwa Kiingereza: “Anasema ameipenda nyekundu.” Mzee hata hakunitazama. Alikuwa anausoma uso wa Mama Donatienne. “Uongo. Sema alichosema.” Nikasema. Akatoa kisu kidogo mfukoni, akapanda kwenye kiti, akaikwangua nyekundu yote mbele yetu, polepole, mpaka kitambaa kikaonekana. Akamgeukia mama, akanyoosha mikono: je, sasa? Mashine ya mama ikasimama, nguo zimeisha kufuliwa, na yeye bado anaitazama picha. Mzee akaanza kuishusha ukutani, tayari kwa safari ya kesho.